Shajara ya mradi: programu ya simu kwa mwanafunzi asiye na simu

17 Februari 2024, Morogoro

Leo tumeanza rasmi. Tuko watatu: mimi ninayechora skrini na kuandika maneno yake, mwenzangu anayetengeneza programu yenyewe, na mwalimu mstaafu aliyekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi katika shule za serikali. Humu nitamwita Mzee.

Kazi tuliyojipa: kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwenye matokeo mazuri na mfuko mtupu, aombe chuo Marekani kwa mkono wake mwenyewe, tangu siku ya kwanza mpaka majibu, bila kumlipa wakala. Tumeanza na Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, vipo vyuo huko vinavyomlipia mwanafunzi wa kigeni kila kitu akishindwa kulipa mwenyewe. Pili, mlango ni mmoja kwa vyuo vingi: Common App, iliyoanza mwaka 1975 na sasa ina vyuo zaidi ya 1,000. Unajaza fomu moja, unaituma hadi vyuo 20.

Nina sababu ya nyumbani pia. Mwaka 2019 wakala mmoja alichukua laki sita za mama yangu akaita "ada ya kufungua faili" la mdogo wangu. Barua ya kukubaliwa ilikuja siku ya nne, bila mtu kumuuliza mtoto swali hata moja, na ndani yake kulikuwa na ada ya dola elfu thelathini kwa mwaka. Mama bado anaitunza barua ile kabatini, ndani ya plastiki. Hakuna aliyemwambia mdogo wangu kwamba kuna vyuo ambavyo vingemlipia. Hilo ndilo linalonikalisha kwenye mradi huu.

Nimechora skrini 14. Ya kwanza ni ya kutafuta chuo: kwa jimbo, kwa fani, kwa gharama. Inapendeza machoni.

2 Machi

Tumekwenda shule moja ya bweni mkoani Singida kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Wanafunzi 31 wa PCM na PCB, michepuo ya sayansi, walibaki darasani baada ya vipindi. Nilikuwa na simu tatu zenye michoro yangu. Nikauliza nani ana simu. Kimya. Mwalimu wa zamu akanitazama.

Simu haziruhusiwi shuleni, na mimi mwenyewe nimesoma bweni, kwa hiyo nililijua jambo hili kabla ya kupanda basi. Lakini kulijua na kulichora ni vitu viwili. Nikabadilisha swali: likizo unatumia simu ya nani? Hapo mikono ikapanda. Ya mama. Ya kaka. Ya mjomba. Ya jirani, kwa kumwongezea vocha. Waliosema "yangu" walikuwa wanne. Kijana mmoja wa dawati la nyuma alisema: "Natumia ya baba, saa tatu mpaka saa nne usiku, akishasikiliza taarifa ya habari." Sentensi hiyo nimeiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani juu ya meza yangu. Kila skrini itapimwa kwayo: je, mtoto huyu atamaliza jambo moja lenye maana ndani ya saa moja, kwenye simu isiyo yake?

Zile simu tatu tukazirudisha mfukoni. Mzee akaomba maboksi ya chaki matupu, tukayakata vipande vyenye ukubwa wa simu, nikachora skrini upya kwa kalamu. Mwanafunzi anagusa kitufe kwa kidole, Mzee anabadilisha karatasi. Hivyo hivyo mpaka jua likazama.

Skrini ya kutafuta chuo kila mtu aliipenda na hakuna aliyejua aifanyie nini. Karibu wote waliandika Harvard. Kisha msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Hivi hao watu wanataka nini hasa kutoka kwangu?" Tulipokuwa tunarudi Dodoma ndani ya basi tuliitoa skrini ya kutafuta mbele. Sasa programu inafunguka kwenye kadi moja tu, iliyoandikwa "Kazi ya leo".

23 Machi

Nimekaa siku nzima kwenye steshenari moja karibu na stendi, kwa idhini ya dada anayeiendesha. Nilitaka kuona maombi ya vyuo yanavyofanyika kwa kweli, maana wanafunzi wote 31 walisema hawajazi fomu wenyewe. Wanakwenda steshenari.

Dada ana kompyuta mbili, printa moja yenye skana, na kaunta buku nene lililofungwa kwa raba. Ndani ya kaunta buku kuna mistari aliyoipiga kwa rula: jina la mwanafunzi, namba ya mtihani, imeili, neno la siri, tiki. Nilihesabu kurasa mbili tu nikaacha. Kila ukurasa una watoto zaidi ya ishirini. Maneno ya siri karibu yote yana sura moja: jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa, alama ya @. Imeili zote amezifungua yeye, na namba ya simu ya kurejesha imeili ni ya kwake.

Nikamuuliza taratibu kwa nini. Akanijibu akiendelea kupanga karatasi: "Wanasahau, kaka. Septemba wanarudi hapa wanalia. Nisipoandika, mtoto anakosa mkopo." Ndivyo ilivyo. Huyu dada ndiye aliyewavusha mamia ya watoto kwenye maombi ya Bodi ya Mikopo na dirisha la udahili la vyuo vya hapa nchini. Ndiye mshauri pekee wa udahili waliyewahi kumjua. Kule Marekani shule nyingi za sekondari zina mtu ameajiriwa kwa kazi hiyo, na fomu zao zinachukulia kwamba kila shule duniani inaye.

Hata hivyo kaunta buku lile likipotea, au dada akibadilisha laini, watoto wote wale wamepoteza funguo zao. Na imeili ya kuombea chuo Marekani si ya wiki moja. Ndiyo itakayopokea mwaliko wa usaili, majibu, fomu ya I-20 ya kuombea viza, na barua za chuo kwa miaka minne.

Tumejadiliana mpaka usiku. Mwenzangu alitaka tumwondoe dada kwenye safari ya mwanafunzi kabisa. Mimi na Mzee tulikataa, na nafurahi tulishinda. Dada anabaki, kwa kazi anayoimudu kuliko sisi: kuskani, kuchapisha, kupunguza ukubwa wa faili. Mwanafunzi akiwa kwenye programu anapata namba ya tarakimu sita. Anamsomea dada. Dada akiiingiza kwenye kompyuta yake anaweza kuweka cheti kilichoskaniwa ndani ya faili la mtoto huyo, basi. Haoni kingine chochote, na namba inakufa baada ya saa mbili. Neno la siri mwanafunzi analitunga nyumbani kwa maneno matatu ya Kiswahili yasiyohusiana, na namba ya kurejesha ni ya mzazi.

Nimempelekea dada mchoro. Ameusoma mara mbili, akaniuliza: "Na mimi nitalipwa ngapi kwa kurasa?" Bei yake ileile. Akakubali.

20 Aprili

Kazi ya ndani. Programu ilikuwa MB 41, sasa ni 9. Tumetoa picha za majengo ya vyuo, tumetoa fonti za ziada. Inafanya kazi kwenye Tecno na Itel za zamani. Kila kitu kinahifadhiwa ndani ya simu, na mara moja kwa wiki, bando likipatikana, inavuta mabadiliko ya tarehe na maelekezo. Vikumbusho vinakwenda kwa SMS ya kawaida, kwa hiyo vinafika hata kama hakuna bando.

Simu ni ya familia, kwa hiyo kila mtumiaji ana PIN yake, na SMS haisemi jambo la ndani. Inasema tu: "Mwambie mwanao kazi yake ya wiki iko tayari." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei mwaka jana, na sisi tunashika vyeti na kipato cha watu. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi anaridhia kwanza, kwa maneno ya Kiswahili anayoweza kusomewa.

Na jambo moja tumeliandika kwa herufi kubwa kwenye skrini ya kwanza: programu hii haitumi maombi. Inakuandaa. Fomu yenyewe unaijaza mwenyewe kwenye tovuti ya Common App, na neno lako la siri la huko hatulihitaji wala hatutakuuliza.

18 Mei

Kidato cha sita wako kwenye mtihani, hatuwasumbui. Tumeshughulika na vitu vidogo viwili vinavyoharibu maombi mazima.

Cha kwanza ni jina. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu. Fomu inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Kwenye majaribio ya karatasi, wanafunzi wawili wa familia moja waliweka ukoo tofauti: mmoja la baba, mwingine la babu. Ongeza Mohamed ya cheti na Mohammed ya pasipoti. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, unataka jina la usajili lifanane na kitambulisho, na kwa mtu wa nje kitambulisho salama ni pasipoti. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa kwenye programu sasa ni hii: weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na pasipoti mezani, andika majina kama yalivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Programu inakuonyesha yalipoachana na kukuelekeza kama unahitaji hati ya kiapo. Ambaye hana pasipoti anaanza kuitafuta mwezi huohuo. Ada ni shilingi 150,000, na kwa familia nyingi hizo si fedha za kutoa wiki moja.

Cha pili ni matokeo. Fomu ina kisanduku cha wastani wa alama, ambao Wamarekani wengi wanauhesabu kati ya 0 na 4. Kijana mmoja aliandika 3. Nilimuuliza imetoka wapi. "Lengo langu ni one ya tatu," akasema. Kwa Baraza la Mitihani, Division One ya pointi 3 kwenye kidato cha sita ndiyo ya juu kuliko zote, hakuna zaidi. Kwa msomaji wa Marekani, 3 kati ya 4 ni mwanafunzi wa kawaida tu. Kijana angeandika ushindi wake mkubwa kuliko wote na ungesomeka kama udhaifu.

Maelekezo yetu: kisanduku hicho kiache wazi, usibadilishe chochote kwa hesabu zako. Badala yake Mzee ameandika ukurasa mmoja wa kuambatanishwa na shule, unaoeleza kwamba kwetu pointi chache ndizo bora, Division One ni pointi 3 hadi 9 kidato cha sita na 7 hadi 17 kidato cha nne, na A inaanzia 80 kidato cha sita, 75 kidato cha nne. Aliandika kwa mkono kwanza, siku tatu. Naona ni karatasi bora kuliko zote tulizotengeneza.

3 Agosti

Matokeo yalitoka katikati ya Julai. Kati ya wale 31, kumi na mmoja wamejiandikisha kwenye majaribio yetu. Common App ilifunguka juzi tarehe 1, kama kila mwaka. Lakini saba kati ya kumi na mmoja wako JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tangu Juni kwa mujibu wa sheria, na hatuwapati.

Nilikuwa nimepanga ratiba ya kazi ya wiki 13 kuanzia tarehe 1 Agosti. Nimeifuta. Sasa kalenda ya kila mtu inaanza siku anayorudi nyumbani, na programu inazikaza kazi zenyewe kulingana na muda uliobaki: zisizo za lazima zinaondoka, zinazotegemea watu wengine, kama barua za walimu na pasipoti, zinapanda juu. Wakiwa kambini, SMS inamwendea mzazi: mambo mawili anayoweza kuyafanya mtoto akiwa hayupo. Cheti cha kuzaliwa. Barua ya mtendaji wa kijiji kuhusu kipato.

7 Septemba, Singida

Safari hii nimepanda treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi. Nimekuja kwa ajili ya yule msichana aliyeuliza wanataka nini kutoka kwake. Ametoka JKT wiki iliyopita. Ana one ya tano, PCB.

Tumekaa kibarazani kwao, simu ya mama yake katikati. Sehemu ya shughuli nje ya masomo ina nafasi kumi, kila moja herufi 150 za maelezo. Alikuwa amejaza moja: mwanachama wa klabu ya Kiingereza. Nikamwonyesha ile nyingine, ya insha, isiyozidi maneno 650. Yake ilianza na "Elimu ni ufunguo wa maisha" ikaendelea hivyo mpaka mwisho, safi kabisa kisarufi, na yeye hayumo ndani.

Nikaifunga simu. Nikamuuliza: ukiwa nyumbani, tangu kuamka mpaka kulala unafanya nini?

Mama yake anauza vitunguu. Binti ndiye anayeandika daftari la wadeni tangu darasa la sita. Ndiye anayepiga simu Dodoma na Dar kuuliza bei kabla gunia halijafungwa. Likizo moja bei ilianguka na wachuuzi wote kijijini wakauza kwa hasara. Yeye alipiga hesabu kwenye daftari, akamwambia mama: tusiuze. Walitandaza vitunguu kwenye kichanja chini ya mti, kila jioni anavigeuza mmoja mmoja, vilivyolainika anavitoa visiozeshe vingine. Wiki tatu. Alinionyesha kwa mikono anavyokikamata kitunguu shingoni na kukibonyeza kwa dole gumba; kikiitika, kinatoka. Kisha bei ikapanda.

Nikamwambia: andika hilo. Saa ngapi kwa wiki? Tukahesabu pamoja, kumi na nne. Hiyo ni shughuli ya kwanza kwenye orodha, juu ya klabu ya Kiingereza. Fomu yenyewe ina kundi la majukumu ya kifamilia. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya nyumbani inahesabika.

Akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka, si nitaonekana najisifu?"

Hii ndiyo shida tuliyoikuta kwa wote kumi na mmoja. Wamelelewa vizuri. Mtoto mwenye adabu hasemi "mimi, mimi" mbele ya wakubwa, na sasa tunamtaka aseme mimi mara arobaini kwa watu asiowajua. Nilimpigia Mzee, nikaweka simu sauti ya wazi. Mzee akamuuliza: "Mwanangu, shahidi mahakamani akiulizwa alikuwa wapi na aliona nini, akajibu, amejisifu?" Binti akacheka, akasema hapana. "Basi wewe umeitwa shahidi wa maisha yako. Jibu ulichoulizwa."

Skrini iliyokuwa na kichwa "Eleza sifa zako" leo usiku imebadilishwa. Inasema "Toa ushahidi", na swali la kwanza chini yake ni lile la kibarazani: tangu kuamka mpaka kulala.

8 Septemba

Kabla ya kuondoka mama yake aliniita pembeni. Alikuwa amesikiliza yote jana bila kuingilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nikuulize. Kuna mtu gani wa kumpa mtoto wa mwenzie, asiyemjua, mamilioni yote hayo? Anataka nini kwake?"

Ni swali la mzazi mwenye akili, na skrini zetu zote hazikuwa na jibu lake. Tulikuwa tumeandika "ufadhili kamili" kwa rangi ya kijani tukadhani tumemaliza. Kumbe kwa mama, kijani ndicho kinachotisha. Ahadi ya bure ndiyo lugha ya matapeli wanaowachukua wasichana kwenda kufanya kazi nje.

Nikamwambia: ni mali ya wakfu. Watu waliosoma pale zamani, na matajiri waliokwishafariki, waliacha fedha ambazo chuo hakiruhusiwi kuzila zote. Kinatumia mavuno yake kila mwaka, na sehemu ya mavuno ni ya kuwasomesha wasio na uwezo. Wakfu wa Harvard peke yake unazidi dola bilioni 50. Mama akaitikia kwa kichwa: "Kama shamba la msikiti." Ndiyo mama, vilevile.

Kwa hiyo tumeongeza skrini ya mzazi, yenye sauti, dakika mbili, kwa Kiswahili, na mfano wake ni shamba la wakfu. Nyuma yake ndiyo tunaeleza tofauti ambayo mwombaji lazima aijue. Vyuo vichache havitazami mfuko wa mwombaji wa kigeni vinapochagua, na vikimchukua vinaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni vya siku nyingi, Dartmouth na Bowdoin vilitangaza kuungana navyo mwaka 2022. Vingine vinaziba pengo lote lakini vinautazama mfuko kwanza, kwa hiyo nafasi za wasio na kitu ni chache. Na vingi vilivyobaki vinampa mgeni punguzo tu, ambalo kwa familia hii ni sawa na kutopewa. Berea, kule Kentucky, haijatoza ada ya masomo tangu 1892. Katika orodha yetu chuo kinaingia tu kama kimeandika chenyewe kwamba mgeni asiye na uwezo anafidiwa. Zile skrini za kuchuja kwa jimbo nimezifuta.

Tumeandika pia gharama ambazo zinaweza kuiangukia familia hata baada ya kukubaliwa: dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za viza, jumla inazidi milioni moja na laki nne kwa viwango na chenji ya mwaka huu wa 2024. Mama ameziandika kwenye daftari la vitunguu. Amesema bora ajue leo.

5 Oktoba

Kosa letu, kubwa, na nusura limwangushe mtu.

Jana usiku kijana mmoja alituma meseji: "Nimechelewa, naacha." Chuo alichokichagua kilikuwa kimehamia kwenye orodha ya "zilizopita" ndani ya programu yetu. Tarehe ya mwisho ya chuo hicho ni 1 Novemba. Sisi tulikuwa tumenakili tarehe kama vyuo vinavyoziandika, 11/01/2024, na programu yetu ikazisoma kwa utaratibu wetu, siku kwanza: 11 Januari 2024, ambayo ilishapita. Mmarekani anaanza na mwezi. Tulipokagua tukakuta 11/15 imetoweka kabisa kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tano, na 01/05, yaani tarehe 5 Januari, imegeuka 1 Mei.

Nilimpigia saa kumi na mbili asubuhi, baba yake akapokea. Kijana hakuwa ameamka. Nilimweleza baba kwanza, nikaomba radhi, kisha nikamweleza mtoto. Amerudi kazini leo.

Sasa hakuna tarehe ya tarakimu tupu popote. Mwezi unaandikwa kwa jina, na kila tarehe imesomwa na watu wawili. Tukiwa hapo tukagusa na saa. "11:59 PM" kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili ni mtego, na "usiku wa Ijumaa" kwa mama wa Tanga ni Alhamisi baada ya jua kuzama. Tumeandika: "Ijumaa tarehe 1 Novemba, kabla hujalala." Na programu yenyewe inalenga siku tatu kabla.

19 Oktoba

Barua za walimu. Common App humtumia mwalimu imeili yenye kiungo. Walimu watano kati ya tuliowafuata hawakuwa wameifungua imeili yao mwaka huu, na mmoja alidhani kiungo ni cha utapeli, akakifuta. Tulichofanya: mwanafunzi anampigia mwalimu kwanza, kwa heshima zote, kisha mwaliko unakwenda.

Na barua zenyewe. Barua ya kawaida ya shule zetu inasema mwanafunzi ni mtiifu, msafi, anashirikiana na wenzake. Mwalimu wa Kemia alituonyesha yake, mistari minne. Mzee akamuuliza kwa mdomo: umewahi kumuona huyu binti akikosea? Mwalimu akaanza kusimulia jinsi alivyorudia jaribio la titresheni mara tano mchana wa Jumamosi wenzake wakiwa wanafua, kwa sababu jibu lake lilipishana na la kitabu, mpaka akagundua bureti ilikuwa inavuja. Alisimulia dakika kumi. Hiyo ndiyo barua. Sisi hatumwandikii mtu barua, ni mwiko katika mradi huu, lakini programu sasa inampa mwalimu maswali matatu ya Kiswahili anayoweza kujijibia kwa sauti kabla hajakaa kuandika.

1 Novemba, usiku

Wanne walikuwa na dirisha la leo. Watatu walituma Jumanne na Jumatano. Binti wa Singida alibakia leo kwa sababu shule yake ilichelewa kupandisha ripoti, nayo ikaingia saa nane mchana. Anaomba kwa njia ya mapema inayofunga, chuo kimoja tu, akikubaliwa anakwenda huko na kuacha vingine. Tulilizungumza na mama yake mara mbili kabla hajasaini.

Saa moja jioni umeme ulikatika kwao. Simu ya mama ilikuwa na chaji asilimia 34. Nilikaa na yangu mkononi, sikupiga, nisije nikaimaliza chaji yao. Saa tatu kasorobo ikaingia meseji, kwa namba ya mama, kwa mwandiko wa binti: "Imeenda. Imeili ya kuthibitisha imeingia. Jina liko kama la pasipoti, nimehakiki."

Dakika chache baadaye nyingine, hii kwa mwandiko wa mama mwenyewe: "Bando limebaki MB 80. Kuna kazi nyingine ya leo au nizime?"

Nimemjibu azime. Saba waliobaki wana dirisha la Januari, na mwenzangu ameshaanza kuzipanga kadi zao. Jumatatu nampelekea dada wa steshenari toleo jipya. Anataka namba ya tarakimu sita iandikwe kubwa zaidi, watoto wanakosea kuisoma.